Subira Iko Kwenye Mti, Haiko Kwenye Vanishi

Wapo watu ambao hawajapata kushika randa wala msasa, lakini wana maneno mengi juu ya kazi ya fundi. Hao ndio ninaotaka kuteta nao katika kurasa hizi. Wanasema kwamba fimbo ya biliadi au ya pool ambayo vanishi yake imegandishwa kwa taa ya miale ya urujuanimno si kazi ya mikono. Kwamba ni kitu cha kiwandani kilichovishwa joho la ufundi. Na kwamba fundi wa kweli hupaka laka yake, akaitundika fimbo, akangoja wiki baada ya wiki. Maneno haya ni matamu masikioni. Ubaya wake ni kwamba gharama ya utamu huo hailipwi na anayeyasema. Hulipwa na mapafu ya mtu mwingine.

Msomaji atauliza, na ana haki ya kuuliza: mwalimu mkuu mstaafu, mzee wa miaka 70 na ushei, ana nini na fimbo za pool? Jibu langu ni fupi. Katika chuo cha ualimu nilichosomea, nilifundishwa kazi za mikono pamoja na hesabu na Kiswahili, nami nikawafundisha watoto kukata, kuranda na kupiga msasa muda wote niliokuwa na chaki mkononi, hata baada ya kukabidhiwa ofisi ya mwalimu mkuu. Mmoja wa watoto hao leo ni mtu mzima, naye hukereza fimbo za pool huko Marekani. Zamani aliniandikia barua. Siku hizi hunipigia simu. "Shikamoo, Mwalimu," huanza, kisha tunazungumza habari za mbao hadi salio limwishie mmoja wetu.

Miaka michache iliyopita aliniambia kwamba ameacha kupuliza vanishi ya magari, ile ya kuchanganywa na kigandishi, na amehamia kwenye vanishi inayogandishwa kwa mwanga. Hakuwaficha wateja wake. Wawili kati yao wakafuta oda. Mmoja alimwambia kwamba hakukusudia kununua plastiki. Nikamwuliza kijana wangu: "Na hiyo uliyokuwa ukiipuliza zamani ilikuwa nini? Asali?" Yeye alicheka. Mimi sikucheka, maana nilikwisha kuona kwamba hapa pana dhuluma inayojificha nyuma ya neno zuri, neno "mila".

Tuanze na fimbo yenyewe, ili tujue tunabishania nini. Fimbo nzuri ya pool ina urefu wa sentimeta 147 hivi na uzito wa gramu 510 hadi 600. Huwa na vipande viwili vinavyoungwa kwa skrubu. Kipande cha mbele, kile kinachoteleza juu ya vidole vya mchezaji, aghalabu hutengenezwa kwa mti wa mepo, ule ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada. Kipande cha nyuma ndicho pambo. Huko ndiko fundi anakoonyesha miti ya thamani na lulumizi iliyochomekwa kwa ustadi, na mara nyingi mshiko huzungushiwa uzi wa kitani. Mpingo wetu, ule wa Kilwa, Lindi na Mtwara unaotengenezewa klarineti za Ulaya, nao hufika katika karakana hizo.

Sasa, ugumu wa kazi hii uko wapi? Kila aliyewahi kukereza anajua. Mti hata ukikatwa huendelea na tabia zake. Ukiondoa tabaka la nje, nguvu zilizokuwa zikivutana ndani hulegea, na kijiti kilichokuwa kimenyooka asubuhi huonyesha tumbo jioni. Kwa sababu hiyo fundi hakerezi mara moja akamaliza. Hupunguza kidogo, akakitundika kijiti wima, akangoja. Hurudi baadaye, akapunguza kidogo tena, akatundika tena. Kijiti kinachopinda hukitoa katika kundi. Kazi hiyo huchukua miezi, na kwa mafundi wengine miaka. Hapo ndipo penye subira. Hakuna taa duniani inayoweza kuifupisha, na aliyehamia kwenye vanishi ya mwanga bado hungoja mti wake vilevile alivyongoja babu yake.

Vanishi ni jambo jingine kabisa. Unene wake ni sehemu ndogo ya milimita. Kazi yake ni kuzuia jasho, unyevu na bia iliyomwagika, na kuufanya mti ung'ae ili uzuri wake uonekane. Tena mafundi wengi hawapaki vanishi nzito kwenye kipande cha mbele, kwa kuwa ingenata vidoleni. Hukiziba vinyweleo tu na kukisugua kwa nta. Kwa hiyo sehemu ambayo hasa huamua kama mpira utaingia shimoni mara nyingi haina hata vanishi ya kubishania! Nimesimamia mitihani mingi maishani mwangu, na sikuwahi kumwongezea mtoto alama kwa sababu alikaa chumbani mpaka kengele ya mwisho. Nilisahihisha alichoandika. Vivyo hivyo fimbo ipimwe kwa unyofu wake, mizani yake na viungo vyake. Siku ambazo laka ilikaa ikikauka si alama.

Wapenda mambo ya kale hunena kana kwamba vanishi ya zamani ilishuka kutoka mbinguni. Hebu tuiulize historia, na kwa bahati njema historia hiyo inapita kwenye pwani yetu wenyewe. Katika karne ya 19, vanishi zilizosifiwa sana Marekani na Uingereza zilitengenezwa kwa sandarusi iliyochimbwa ardhini Mrima na kusafirishwa kupitia Unguja. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliifuata kwa majahazi yao, na Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833. Sambamba na sandarusi ilitumika shelaki, ambayo hutokana na ute wa wadudu wa India na nchi za jirani. Kisha katika miaka ya 1920 laka ya nitroselulosi ilienea katika viwanda vya magari na samani, kwa sababu moja iliyo wazi: ilikauka haraka. Naam, haraka! Laka hiyohiyo iliyopendwa kwa sababu ya haraka yake leo inasifiwa kwa sababu ya taratibu yake.

Na mipira ya mchezo huu je? Ilichongwa kwa pembe za ndovu, na pembe za Afrika Mashariki zilizopita Unguja zilithaminiwa mno kwa ulaini wake. Katika miaka ya 1860 kampuni moja ya vifaa vya biliadi huko New York ilitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata kitu cha kushika nafasi ya pembe. John Wesley Hyatt wa Albany alijiingiza katika utafutaji huo, na mwaka 1870 akapata hataza ya selulodi, ambayo hutengenezwa kwa nitroselulosi na kafuri. Kwa maneno mengine, selulodi na ile laka wanayoiita ya jadi ni watoto wa nyumba moja, na mchezo wa biliadi ulikuwapo wakati wa kuzaliwa. Leo mipira hutengenezwa kwa resini, na sijamsikia mwenye akili timamu akidai tuue ndovu ili mchezo upate roho.

Yupo pia fundi ambaye jina lake hutajwa kila ubishi huu unapozuka, naye ni George Balabushka, aliyezaliwa Urusi mwaka 1912 na kufariki Marekani mwaka 1975. Fimbo zake hununuliwa kwa bei ya gari. Wanaomtaja kama mlinzi wa mikono mitupu wasisahau kwamba alitumia sana vitako ambavyo viungo vyake vilikwisha kuunganishwa na wengine, vikiwamo vya kampuni kubwa ya Brunswick. Hakuna aliyesema fimbo zake si zake. Alichukua kilicho bora alichoweza kukipata, akaweka akili na jicho lake pale palipohitaji. Huo ndio ufundi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Laka hukauka kwa kuvukiza kiyeyusho chake hewani, na hewa hiyo ndiyo anayoivuta fundi. Mvuke wake hulevya kichwa na hushika moto upesi. Vanishi ya magari yenye kigandishi ni mbaya zaidi, kwa maana ndani ya kile kigandishi mara nyingi mna kemikali ziitwazo isosianeti. Ukizipuliza, ukungu wake hupenya mapafuni. Madaktari wanazijua vizuri: ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya pumu ya kazini kwa watu wanaopuliza rangi. Na pumu hiyo ina ukatili wake. Mwili ukisha kuzichukia, hata kiasi kidogo sana hutosha kuleta shambulio. Fundi huyo hawezi tena kurudi kwenye kazi aliyoijua. Barakoa ya kitambaa haifui dafu, na wataalamu wa usalama hushauri kifaa kinachompa mpulizaji hewa safi kwa mpira kutoka nje ya chumba. Umoja wa Ulaya umeweka sharti kwamba tangu Agosti 24, 2023, anayetumia kikazi bidhaa zenye kemikali za kundi hilo kupita kiasi cha asilimia 0.1 lazima kwanza apate mafunzo.

Namjua seremala mmoja ambaye kwa miaka alipuliza vanishi ya namna hiyo juu ya vitanda na makabati, katika banda la mabati lenye mlango mmoja, leso ikiwa imefungwa puani. Leo hawezi kupita karibu na gereji inayopaka rangi. Husimama ng'ambo ya barabara, mkono kifuani, akingoja pumzi irudi. Makabati yake yangali yanang'aa sebuleni mwa watu. Wenye makabati hayo husifu mng'ao. Nani kati yao amewahi kuuliza habari za kifua?

Ndiyo maana sina uvumilivu na mkusanyaji wa fimbo anayeketi kwenye kiti chake cha ngozi akisema kwamba harufu ya laka humkumbusha karakana za zamani. Harufu hiyo, bwana mkubwa, kwako ni kumbukumbu. Kwa mwenzako ni kazi ya kutwa, siku sita kwa wiki.

Vanishi ya mwanga hufanyaje kazi? Nitaeleza kama ambavyo ningewaeleza darasa la saba. Ndani ya kimiminiko mna chembe zinazosubiri kushikana mikono, na mna kichocheo kinachosinzia. Miale ya urujuanimno, ambayo jicho halioni, humwamsha yule kichocheo, naye huziunganisha chembe zikawa wavu mmoja mgumu. Hakuna haja ya kungoja kiyeyusho kiondoke. Vanishi nyingi za aina hii zina kidogo tu au hazina kabisa. Tabaka moja huganda kwa sekunde au dakika chache. Fimbo, kwa kuwa ni ya mviringo na huzunguka juu ya kerezo, inafaa sana: kila upande hupata zamu yake mbele ya taa, wala hakuna kona ya kujificha gizani. Si uchawi, wala si jambo la jana. Viwanda vya samani vya Ujerumani vilianza kutumia njia hii mwishoni mwa miaka ya 1960, na daktari wa meno anapoziba jino kisha akaelekeza taa ya buluu kinywani mwako, anafanya jambo la ukoo huohuo.

Wapinzani wangu wana hoja moja yenye uzito, nami sitaipita kimya. Wanasema laka hurekebishika. Tabaka jipya la laka huyeyusha kidogo lile la chini, yakawa kitu kimoja, kwa hiyo kovu la fimbo huzibika. Vanishi ya mwanga ikisha kuganda haiyeyuki tena. Ukitaka kuirekebisha, sharti uipige msasa ili tabaka jipya lipate pa kushika, na mara nyingine uivue yote. Ni kweli. Lakini hata vanishi ya magari, ambayo wao wenyewe waliikubali miaka mingi iliyopita, ina tabia hiyohiyo, na hatukusikia kilio. Tena laka hugeuka manjano na kupasuka nyufa kadiri miaka inavyopita. Kama ninalazimika kuchagua kati ya fimbo iliyo ngumu kurekebisha na fundi asiyerekebika, nimekwisha chagua.

Hata hivyo, nikiwanyoshea kidole hao, siwapigii makofi wauza taa. Hao nao wana uongo wao. Hunadi kwamba vanishi ya mwanga haina madhara, eti kwa kuwa haina harufu kali. La hasha! Kimiminiko kibichi kina akrileti, na akrileti ikigusa ngozi mara kwa mara huweza kuleta mzio usiokoma. Waulizeni akina dada wa saluni wanaopaka kucha za jeli. Kucha hizo ni ndugu wa vanishi hii, na wapo waliovimba vidole wakaacha kazi. Kimojawapo cha vichocheo vya mwanga, kiitwacho TPO, kimepigwa marufuku katika vipodozi vya Umoja wa Ulaya tangu Septemba 1, 2025, baada ya kuainishwa kuwa hatari kwa uzazi. Kichocheo hichohicho kimetumika hata katika vanishi za mbao. Na miale yenyewe huunguza macho kama ya mchomelea vyuma: usiku mtu huhisi mchanga machoni, asilale.

Kuna na udanganyifu wa taa yenyewe. Taa ya zebaki huzeeka. Huendelea kuwaka na kutoa mwanga wa buluu unaopendeza, kumbe nguvu ya miale isiyoonekana imekwisha pungua. Fundi huona juu pameganda, chini pangali pabichi. Miti yenye mafuta mengi, kama kokobolo na ndugu yake mpingo, nayo huleta shida. Isipofutwa na kuzibwa vizuri kwanza, vanishi hubanduka kama ganda la yai. Hewa yenyewe huzuia kuganda kwa tabaka la juu kabisa, likabaki na unato. Mambo haya yote yanataka elimu. Kwa hiyo anayesema kwamba taa imeondoa ufundi hajui anachosema. Taa imeondoa kungoja, ikaleta kupima. Fundi wa zamani aliijaribu laka kwa ukucha. Fundi wa leo sharti apime nguvu ya taa kwa kifaa, asugue kipande cha majaribio kwa kitambaa chenye kiyeyusho, aone kama vanishi inalainika. Nani kati ya hao wawili amepungukiwa na akili ya kazi?

Rai yangu, basi, ni hii, na naitoa bila kumung'unya maneno. Fundi anayepuliza isosianeti bila hewa ya kutoka nje aache leo, wala asingoje amalize kopo. Akihamia kwenye mwanga, avae glavu za naitraili na kuzibadilisha mara zinapochafuka. Avae miwani inayozuia miale, na taa aizungushie ngao. Asipige msasa vanishi ambayo haijaganda sawasawa, na vumbi lake alinyonye kwa mashine. Mwanafunzi wake asiguse kopo kabla hajaeleza kwa kinywa chake mwenyewe kilichomo ndani. Tena amwambie mteja ukweli, kama alivyofanya kijana wangu, hata kama oda itafutwa. Mti, kwa upande wake, auache ungoje kama ulivyongoja siku zote. Fundi atakayeona kwamba kwa kuwa vanishi inaganda kwa dakika basi na mti unaweza kukerezwa kwa siku mbili, huyo atauza upinde badala ya fimbo, na hakuna vanishi itakayomstahi.

Nanyi wanunuzi, mnaoshika pesa, mna nguvu kuliko mnavyodhani. Mnauliza fimbo ni ya mti gani, mnauliza jina la fundi, mnauliza kama uzi ni wa kitani. Ongezeni swali moja tu: ulipoipaka hii, ulikuwa ukivuta hewa gani? Akiweza kuwajibu bila kukohoa, lipeni bei yake.